Tafiti za Mwanza zinabadili miongozo ya dunia, mbona jina wanabeba wengine?

Jiwe la Bismarck #1

Wakuu, habari za jioni.

Juzi nasubiri daladala pale Buzuruga, dogo mmoja wa kidato cha sita akaniuliza chuo gani cha hapa Mwanza kinajulikana nje ya nchi. Nikajibu kwa kifua mbele: Bugando, SAUT. Dogo akatoa simu, akafungua orodha ya vyuo bora duniani, akashuka nayo mpaka mwisho. Hatumo. Akaniangalia kama nimemuuzia sato wa juzi.

Imenikera, maana vyuo vyetu hapa vimefanya mambo. Mwaka 1995 lilitoka andiko kwenye New England Journal kuonyesha kwamba ukitibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye zahanati za kawaida, maambukizi mapya ya VVU yanapungua kwa karibu asilimia 40. Kazi ilifanyika mkoani kwetu. Tena majuzi tu, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 wa hapa Mwanza walichanjwa ili kujua kama dozi moja ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi inatosha. Leo dunia nzima inazungumzia dozi moja.

Sasa nauliza: chuo kinajengaje jina duniani? Kama si kwa utafiti, ni kwa nini? Na haya yetu jina lilikwenda wapi?

Dagaa Mchele #2

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Waleteni wasomi.

Daktari wa Zamu #3

Mleta uzi, hoja nzuri ila turekebishe mambo matatu kabla watu hawajakunukuu vibaya.

Moja, lile andiko la 1995 lilitoka The Lancet. Vijiji na miji midogo 12 iligawanywa jozi sita, watu kama 12,500 wakafuatiliwa miaka miwili. Upande ulioboreshewa huduma, waliopata VVU walikuwa asilimia 1.2, upande wa pili 1.9. Hiyo ndiyo "karibu asilimia 40" yako.

Mbili, si "vyuo vyetu". Walikuwa NIMR, AMREF, serikali ya mkoa na chuo cha London cha usafi na tiba za ukanda wa joto. NIMR ni taasisi ya utafiti ya serikali, si chuo kikuu. Hata utafiti wa chanjo umefanywa na kitengo cha MITU, ambacho ni ubia wa NIMR na hao hao London tangu 2006. Majengo yako ubavuni mwa Bugando, ndiyo maana watu mnachanganya.

Tatu, WHO ilipotoa msimamo wa dozi moja Desemba 2022 haikutegemea Mwanza peke yake. Kulikuwa na utafiti wa Kenya pia, na kazi za nchi nyingine. Sisi tulichangia upande wa kinga mwilini: kwamba dozi moja inaacha kinga kwa karibu kila msichana baada ya miaka miwili.

Jiwe la Bismarck #4

Asante daktari, nimekubali. Lakini umenisaidia hoja bila kujua! Kwenye huo ubia, London ni chuo, kwa hiyo London inaokota pointi za chuo. Mwanza inabaki kuwa neno kwenye kichwa cha andiko.

Nshomile wa Kashai #5

Ndugu zangu Wasukuma, orodha hizo hazitaki kelele, zinataka vigezo. Sisi kwetu Bukoba tulizoea vitabu mapema, ngoja tuwafundishe.

Dagaa Mchele #6

Nshomile kashafika, sasa uzi utafika kurasa 40. Taja basi chuo kikuu cha Bukoba kilichomo kwenye hiyo orodha, tunasubiri.

Mtafiti Mchovu #7

Nafundisha chuoni (sitaji kipi), na nimewahi kupangiwa kamati ya kujaza fomu za hizi orodha. Acha niwape jiko linavyopikwa.

Orodha ya Shanghai, iliyoanza 2003, inahesabu tuzo za Nobel za waliosoma na wanaofundisha, halafu maandiko kwenye majarida mawili makubwa, Nature na Science. Hapo sisi tufunge daftari.

Times Higher Education haikupokei kabisa mpaka chuo kiwe na maandiko angalau 1,000 kwa miaka mitano. Chuo chenye wahadhiri mia mbili, nusu yao wanafundisha darasa la watu mia tatu na kusahihisha mitihani kwa mkono, kitayatoa wapi? Unaweza ukawa na andiko moja lililobadili dawa anazopewa mjamzito duniani kote na bado usiingie mlangoni.

Orodha ya QS ndiyo inayochekesha. Asilimia 30 ya alama zao ni kuuliza wasomi duniani: "unavijua vyuo gani vizuri?" Zamani ilikuwa 40. Yaani unapewa jina kwa sababu una jina. Profesa aliyeko Toronto hawezi kukutaja kama hajawahi kukaa na wewe kwenye mkutano, na mkutano unataka nauli, na nauli iko kwa mfadhili.

Kwa hiyo dogo wa Buzuruga hakusoma orodha ya ubora. Alisoma orodha ya wanaojulikana na wanaojulikana.

Bi Kirumba #8

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Naona siku hizi hata chema kinajitembeza, tena kwa viatu vya ngozi.

Mimi nauza samaki Mwaloni. Sangara wetu anaenda Ulaya, mabondo yanaenda China, na mnunuzi wa huko hajui Kirumba iko wapi. Anajua jina la kiwanda kilichobandika karatasi juu ya boksi. Sioni tofauti na haya mnayoyasema.

Mzee wa Malimbe #9

@Mtafiti Mchovu umesema kweli ila umesahau wahitimu. Mimi ni zao la SAUT. Sisi hatuna maabara ya kutibu mtu, lakini washa redio yoyote nchi hii, mmoja katika wanaoongea kapita Malimbe. Chuo kilitokana na taasisi ya Nyegezi ya 1960, kikawa chuo kikuu 1998. Jina letu halijajengwa na jarida, limejengwa na midomo ya watu. Wakenya na Waganda wamesoma pale kwa sababu kaka zao walisoma pale.

Nshomile wa Kashai #10

Redio inafika Namanga, mkuu. Mada inasema duniani.

Mama Sampuli #11

Nimeona mnazungumza maandiko, maandiko. Ngoja niwaambie andiko linapoanzia.

Nilikuwa mdodosaji kwenye mradi mmoja wa afya visiwani Ukerewe, siutaji. Saa kumi na moja alfajiri unatoka nyumba ya wageni na sanduku la barafu, dodoso kwenye mfuko wa nailoni zisilowe. Kijiji cha kwanza mwenyekiti hayupo, kaenda ziwani. Unamsubiri. Bila yeye hakuna anayekuvulia shati, sembuse kukupa damu. Wa pili, kina mama wameshaambiana kwamba mnachukua damu mkauze. Unakaa chini, unamenya muhogo nao, unaeleza. Siku ya tatu mmoja anakubali, na mwenzake, na mwisho mnakosa vichupa.

Jioni sampuli zinatakiwa ziwe Mwanza, kivuko cha Nansio kimeahirishwa kwa upepo. Barafu inayeyuka. Tulinunua barafu ya wavuvi, ile chafu ya kuhifadhia samaki, tukaifunga kwenye mifuko mitatu mitatu tukazungushia vichupa. Zilifika salama.

Sasa wale watu walitukubali kwa sababu tulirudi. Tuliwaletea majibu, mwenye kichocho akapewa dawa. Mradi uliokuja kabla yetu ulichukua ukaondoka, na nyumba mbili zilitufukuza kwa ajili yao. Nikisikia chuo fulani kina jina kwa utafiti wa Afrika, nauliza tu: kijijini wanawakumbuka vipi?

Jiwe la Bismarck #12

Mama, heshima yako. Hii ya barafu ya samaki haimo kwenye sehemu ya mbinu za utafiti, naapa.

Mama Sampuli #13

Imo. Wameandika "sampuli zilihifadhiwa katika ubaridi unaotakiwa".

Dagaa Mchele #14

😂😂😂 Ubaridi unaotakiwa kwa hisani ya sangara.

Ng'wana Butimba #15

Mmekomaa na hospitali, mmesahau ziwa. Waholanzi wa chuo cha Leiden walipiga kambi hapa Mwanza kuanzia 1977 wakichunguza furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Timu yao iliitwa HEST. Mzee wangu na marehemu baba mdogo waliwapiga kasia wale wazungu kwenye ghuba, miaka ya themanini mwanzoni.

Bahati yao au bahati mbaya yetu, walikuwa wanahesabu furu wakati ule ule sangara, anayewala hao furu, anaongezeka kwa kasi. Ziwa lina aina zaidi ya 500 za furu, na wao wakawa mashahidi wa mamia kupotea mbele ya macho yao. Wao walikuwa na hesabu za kabla na za baada. Ukitaja furu kwa mwanabiolojia yeyote, atakutajia Leiden. Samaki wenyewe wamo kwenye mitungi huko Uholanzi.

Leiden ni chuo cha mwaka 1575, sikatai, kilikuwa na jina. Ila kwa hili, jina lilivuliwa hapa Butimba.

Nshomile wa Kashai #16

Furu? Hizi tulikuwa tunaita chakula cha paka. Wasukuma mna bahati, hata paka wenu wamechangia sayansi.

Ila kwa haki, furu hawajaisha wote. Kuanzia miaka ya tisini, sangara walipovuliwa sana, baadhi walirudi.

Ng'wana Butimba #17

Kweli, baadhi walirudi, wale wa maji ya wazi hasa. Leo nimekupa pointi moja, usizoee.

Kigongo Busisi #18

Nafanya uhasibu wa miradi. Nyote mmezunguka fedha bila kuzitaja.

Fedha za utafiti zina sehemu mbili. Ya kwanza ni kazi yenyewe: vichupa, mafuta, mishahara. Ya pili ni gharama za uendeshaji: umeme, maktaba, ofisi ya kuandikia maombi, mhasibu kama mimi. NIH, taasisi ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, ikikipa chuo cha nje ya Marekani, hiyo ya pili kwa miaka mingi imekuwa asilimia 8 basi. Vyuo vya kwao vina mikataba yao, vingi vinazidi 50. Kwa hiyo mradi wa dola milioni moja unafanyika Magu, sampuli za Magu, joto la Magu, na maktaba inayojengwa iko kwingine. Miaka kumi baadaye mnashangaa kwa nini wao wana watu wa kuandika maombi mazuri na ninyi hamna.

Na Mei 2025 NIH ilisimamisha ule mtindo wa chuo cha Marekani kupokea na kukumegea wewe kama mkandarasi mdogo, mpaka watengeneze utaratibu mwingine. Wengine walilia. Mimi nililia na kufikiri kwa pamoja.

Daktari wa Zamu #19

@Kigongo, hesabu zako sina ubishi nazo, ila usichore ubia kama wizi mtupu. Mimi nimefundishwa Bugando.

Hospitali ilifunguliwa 1971. Chuo cha udaktari kikaanza 2003, kikiwa chuo kishiriki cha SAUT. Kabla ya hapo Kanda ya Ziwa yote, mamilioni ya watu, ilikuwa inasubiri madaktari watoke Dar au Moshi. Wabia wa chuo cha tiba cha Weill Cornell cha New York walileta walimu waliokaa wodini, si wa kupiga picha. Wajerumani wa Würzburg walikuwapo zamani, mji wao na Mwanza ni ndugu tangu 1966. Wa Cincinnati wamefanya nasi kazi ya seli mundu: watoto wanapimwa kasi ya damu kichwani, aliye hatarini kupata kiharusi anapewa dawa ya hydroxyurea. Nimewaona hao watoto kwa macho yangu, wanakuja kliniki wanakimbizana koridoni. Chuo kina jina kwa mama zao, na hao hawajazi fomu za QS.

Tatizo letu lingine tunajifanyia wenyewe. Chuo hiki hiki kimeitwa Bugando University College, kikaitwa Weill Bugando, sasa ni CUHAS. Mtu mmoja anaandika jina la chuo, mwingine anaandika jina la hospitali, wa tatu anaandika yote mawili kwa mpangilio wake. Mashine inayohesabu maandiko inaona vyuo vinne vidogo.

Mtafiti Mchovu #20

Hapo kwa jina daktari umenigusa kidonda. Kuna andiko nililofanyia kazi miaka miwili: nilikusanya, nilisafisha takwimu, niliandika sehemu ya matokeo rasimu ya kwanza. Lilipotoka nikawa wa tisa katika watu kumi na tisa, na mbele ya jina langu wakaandika chuo cha mbia, kwa sababu nilikaa kwao miezi minne kwenye mafunzo. Nikawaandikia. Wakajibu kwa adabu kubwa kwamba jarida limeshafunga. Mkuu wangu wa idara akaniambia "shukuru hata umo".

Nafasi kwenye majina ni siasa. Wa kwanza ndiye aliyefanya kazi, wa mwisho ndiye mwenye mradi, wa katikati ni wali wa harusini, tunaliwa bila kutajwa.

Mzee wa Malimbe #21

Pole mkuu. Lakini ulisaini makubaliano ya majina mwanzoni?

Mtafiti Mchovu #22

Mwanzoni nilikuwa na furaha.

Mchokozi wa Igoma #23

Nimesoma toka juu. Naona mnakwepa jambo: hawa hawakuja kwa ajili ya vyuo vyetu, walikuja kwa ajili ya maradhi yetu na ziwa letu. Kichocho, VVU, malaria, seli mundu, samaki wanaopotea. Robert Koch alipita Mwanza 1906 akifuata malale, hapakuwa na chuo chochote hapa. Mtaji ni shida. Siku tukipona, wanahama.

Daktari wa Zamu #24

Shida ziko kila mahali, mchokozi. Mbona hawakwenda kwingine? Lile la 1995 lilifuatwa na lile la Rakai, Uganda, 1999, lililowapa watu dawa kwa jumla wote kijijini, na VVU haikupungua. Dunia ikabishana miaka mingi kwa nini Mwanza ilifaulu na Rakai haikufaulu. Wengine wakasema janga la Rakai lilikuwa limekomaa, wengine wakasema kutibu mwenye dalili zahanatini ni tofauti na kugawa dawa nyumba kwa nyumba. Ubishi wenyewe ndio uliolitia jina la Mwanza kwenye vitabu vya wanafunzi. Watu wakarudi hapa kwa sababu palikuwa na wapimaji waliozoea, kumbukumbu, friji zinazofanya kazi. Maradhi hayatunzi kumbukumbu.

Mchokozi wa Igoma #25

Rakai si Kenya?

Nshomile wa Kashai #26

Rakai ni Uganda, inapakana na kwetu Kagera. Jografia ya Igoma hiyo 😅

Bi Kirumba #27

Kuna utafiti ule wa makanisa pia, umesahauliwa. Waliwafundisha wachungaji na mapadri habari za tohara, nao wakazungumza na waumini. Mchungaji wetu alikuwa mmoja wa waliofundishwa, akarudi anatuhubiria tohara Jumapili nzima, akina baba wanatazama viatu.

Daktari wa Zamu #28

Naam, Lancet 2017, vijiji 16. Walikofundishwa viongozi wa dini walijitokeza asilimia 52.8 ya wanaume, kwingine 29.5. Na mmoja wa waandishi wa mbele ni Mtanzania wa hapa hapa Mwanza. Kwa hiyo inawezekana.

Mtafiti Mchovu #29

Inawezekana swali likizaliwa hapa. Yule aliyejua kwamba Msukuma anamsikiliza mchungaji kuliko bango la wizara hakuwa New York.

Kigongo Busisi #30

Nje ya mada: mliovuka daraja jipya, foleni ya malori ikoje upande wa Busisi? Kesho naenda Sengerema.

Dagaa Mchele #31

Unapita dakika tano, mkuu. Wauza mahindi wa kivukoni ndio wanaolia.

Jiwe la Bismarck #32

Turudi. @Ng'wana Butimba, umesema mzee wako aliwapiga kasia wa Leiden. Jina lake liliandikwa popote?

Ng'wana Butimba #33

Sijawahi kuuliza. Yuko hai, nampigia jioni.

Wakati mnangoja: kuna furu anaitwa Pundamilia nyererei. Ndiyo, Nyerere huyu huyu. Walimpa jina hilo 1985. Dume ana mgongo mwekundu kama kanga mpya, anakaa kwenye miamba ya visiwa vya ghuba yetu. Mwaka 1997 walichapisha Science kwamba maji yakichafuka majike hawaoni rangi vizuri, wanashindwa kuchagua dume wa aina yao, aina zinachanganyika. Sasa hesabuni hiyo Science ni pointi za nani kwenye orodha ya Shanghai.

Mchokozi wa Igoma #34

Kwa hiyo Mwalimu ana samaki Mwanza na hatujawahi kuambiwa shuleni?!

Mzee wa Malimbe #35

Tungeambiwa tungemkaanga.

Ng'wana Butimba #36

Nimeongea na mzee. Anasema jina lake halikuandikwa, ila yule Mholanzi alikuwa na daftari na kila samaki akitoka majini anauliza, "huyu mnamwitaje?" Wale wa kwenye mawe mzee alikuwa anamjibu "mbipi". Kila siku mbipi, mbipi, mpaka mzungu akawa anasema mwenyewe.

Nimeingia mtandaoni kutafuta. Kuna jenasi nzima, yaani kundi la aina zinazokaribiana, ya samaki wa miambani inaitwa Mbipia.

Nimempigia tena kumwambia. Amecheka mpaka akakohoa. Anauliza, sasa wale wa mchangani waliwaitaje, maana hao alikuwa amewatungia majina ya uongo kwa sababu alikuwa amechoka kuulizwa.

Daktari wa Zamu #37

Naomba hayo majina ya uongo, mkuu. Kuna mtu Leiden inabidi aambiwe.